Singh, simba na Kalasinga: Jina lililosafiri kutoka Punjab hadi kwetu

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha kuhusu maneno ya mkopo. Nilikuwa nimeandika ubaoni ile orodha ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anaijua kwa moyo: gari, pesa, bima, laki, hundi, chapati. Haya, nikawaambia wanafunzi, yalitufikia kutoka Bara Hindi, mengine kwa jahazi na mengine kwa reli. Kabla sijafuta ubao, mkono ukainuka nyuma ya darasa. Ulikuwa wa kijana mmoja ambaye jina lake la mwisho ni Singh, mzaliwa wa Nakuru, ambaye Sheng anaijua kunishinda mara kumi.

"Prof, nina maswali mawili," akasema. "La kwanza, Singh ni simba, na simba ni simba. Mbona hujaliweka hapo ubaoni? La pili, watu wakiniita Kalasinga, niitike ama ninyamaze? Ni tusi ama si tusi?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Swali la kwanza nililijibu papo hapo. La pili nilimwomba anipe wiki moja. Nimeona si vibaya kuwashirikisha wasomaji wa safu hii majibu yote mawili, kwa sababu hilo la pili linagusa deni ambalo nimekuwa nalo tangu nikiwa kijana.

Tuanze na simba. Ni kweli kabisa kwamba maana ya Singh ni simba. Asili yake ni neno la Kisanskriti simha, jina la mnyama yuleyule tumjuaye. Katika baadhi ya lugha zilizochipuka kutokana na Kisanskriti, ile h iliyofuata sauti ya puani iligeuka ikawa gh, na ndivyo simha ilivyokuwa singh katika Kihindi na Kipunjabi. Kwingine ilibaki karibu na umbo la zamani: Sinha huko Bihar na Bengal, Sinh na Sinhji huko Gujarat. Neno hilohilo limo ndani ya Sinhala, jina la lugha na la watu wa Sri Lanka. Limo pia ndani ya Singapore, ambayo kwa asili ni Singapura, yaani mji wa simba. Wanasarufi wa kale wa Kihindi walidai hata kwamba simha ni mzizi hims, "kudhuru", uliogeuzwa mbele nyuma. Mzizi huo ndio uliozaa ahimsa, ile falsafa ya kutodhuru ambayo Gandhi aliifanya ijulikane duniani kote. Dai hilo lina utamu wake, ila wanaisimu wa leo hawalitegemei.

Sasa, mtu anaposikia simha na simba, masikio humwambia kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja. Masikio hudanganya. Simba wetu ni neno la Kibantu, tena la kale sana, na jamaa zake wametapakaa mbali na Pwani. Wazulu wa Afrika Kusini wana insimba, ila kwao si mfalme wa nyika bali ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoadoa, jamii ya fungo, aibaye kuku usiku. (Nasema kanu mnyama, si kile chama.) Neno moja limewapa Waswahili mla nyama mkubwa na likawapa Wazulu mla nyama mdogo. Kama lingeletwa pwani yetu na majahazi ya Kihindi, lingefikaje kwa Wazulu likiwa na kiambishi chake cha ngeli na maana nyingine kabisa?

Tena, katika Kipunjabi cha kila siku mnyama mwenyewe huitwa sher, neno lililotoka Kiajemi. Singh lilikwisha kuwa jina la watu zamani. Ushahidi mzuri ni Ranjit Singh, mtawala aliyeunganisha Punjab na kuiongoza kutoka Lahore hadi alipofariki 1839. Watu walimpa lakabu ya Sher-e-Punjab, Simba wa Punjab. Hebu fikiria: jina lake lilikuwa tayari lina simba ndani yake, na bado wakaona haja ya kumwongezea simba mwingine! Hii ina maana kwamba waliposikia Singh hawakumwona mnyama. Walisikia jina tu, kama sisi tunapomwita mtu Mwangi au Otieno bila kufikiria maana yake.

Kwa hivyo simba na Singh ni majirani waliofanana sura kwa bahati. Hapo swali la kwanza likaisha, na kijana akaandika daftarini.

Swali la pili halina njia ya mkato. Ili tujue kama Kalasinga ni tusi, yatubidi tujue kwanza Singh lilibeba nini lilipofika kwetu.

Wengi wetu tunadhani Singh ni jina la Wasikh, basi. Sivyo. Lilikuwapo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Usikh kuzaliwa. Katika karne ya 2 tayari tunawakuta watawala wa magharibi mwa India wenye majina kama Rudrasimha. Waliitawala Saurashtra, eneo la Gujarat, na ni katika eneo hilohilo, kwenye msitu wa Gir, ambako simba wa Asia wamesalia hadi leo. Baadaye jina likashikwa na Warajput, tabaka la wapiganaji na watawala wa kaskazini na magharibi mwa India. Kufikia enzi za Mamughali lilikuwa kama alama yao. Raja Man Singh, jemadari mkuu wa mfalme Akbar katika karne ya 16, alikuwa Mhindu wa Kirajput, hakuwa Msikh. Hata leo wako Wahindu wengi wenye jina hilo. Mawaziri wakuu wawili wa India, V. P. Singh na Manmohan Singh, waliitwa Singh wote wawili, lakini wa kwanza alikuwa Mhindu na wa pili Msikh.

Kwa ufupi, hadi karne ya 17 Singh lilikuwa jina la wenye farasi na ngome. Kinyozi hakuitwa Singh. Mchota maji hakuitwa Singh.

Halafu ukaja mwaka 1699. Siku ya sikukuu ya Baisakhi, katika mji wa Anandpur ulio chini ya milima ya Himalaya, kiongozi wa kumi wa Wasikh, Gobind Rai, aliwakusanya wafuasi wake. Mapokeo ya Wasikh yanasimulia kwamba alisimama mbele ya umati akiwa na upanga uchi, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake kwa ajili ya imani. Watu wakatazamana. Mwishowe wakajitokeza watano, mmoja baada ya mwingine: Daya Ram, Dharam Das, Himmat Rai, Mohkam Chand na Sahib Chand. Mmoja alitoka tabaka la wafanyabiashara, mmoja alikuwa mkulima, mmoja mchota maji, mmoja fundi wa vitambaa, na mmoja kinyozi. Walitoka pembe mbalimbali za India, kuanzia Lahore hadi Bidar kule kusini.

Msomaji anayeijua India ataelewa mara moja uzito wa jambo hili. Katika jamii ile, jina la mtu lilikuwa kama kitambulisho cha tabaka lake. Ukilisikia jina, ulijua ukae naye wapi, ule naye au usile, umwoze binti yako au usimwoze. Gobind aliwanywesha watano hao maji matamu kutoka bakuli moja, jambo ambalo watu wa matabaka tofauti hawakupaswa kulifanya. Kisha akayafuta majina yao ya mwisho na kuwapa wote jina moja: Singh. Baada ya hapo akapiga magoti mbele yao, akawaomba wamnyweshe na yeye. Gobind Rai akainuka akiwa Gobind Singh.

Kwa kitendo hicho, jina la wafalme likatua juu ya kinyozi na mchota maji. Tukiliita jina la ukoo tunakosea, kwa sababu lilitolewa ili koo zisitiriwe, wenye jina hilo waketi safu moja na kula chungu kimoja. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye hekalu la Wasikh pale Makindu, kwenye barabara ya Mombasa, akapakuliwa chakula bure bila kuulizwa kabila wala dini, ameionja roho ya jambo hilo.

Wanawake wa Kisikh hutumia Kaur. Wengi hupenda kusema kwamba Kaur ni simba jike, ili jozi ikamilike. Kiisimu si hivyo. Kaur ni jamaa ya kanwar au kunwar, "mwana wa mfalme", na mizizi yake ni Kisanskriti kumara. Ni jina la heshima lenye asili yake. Tena lina faida moja kubwa: anayelitumia halazimiki kubeba jina la baba yake wala la mumewe. Anazaliwa Kaur na kuolewa Kaur.

Hata hivyo, historia haifuati matakwa ya mtu mmoja. Majina ya koo yalirudi polepole kwa mlango wa nyuma. Wasikh wengi wa Kenya hutoka katika jamii ya mafundi, waashi, maseremala na wahunzi inayoitwa Ramgarhia, na mara nyingi utawasikia wakitumia Singh katikati na jina la ukoo mwishoni: Panesar, Sehmi, Matharu, Virdee na mengineyo. Wengine wamekataa katakata, wakaishia Singh tu. Mjadala huo wanao wenyewe nyumbani kwao, na sisi hatuna haja ya kuwaingilia.

Sasa tuvuke bahari. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Waliajiri karibu wafanyakazi 32,000 kutoka India kwa mikataba, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini, na waliobaki Afrika Mashariki mikataba ilipoisha hawakufika 7,000. Miongoni mwa wajenzi hao walikuwamo Wasikh wengi, mafundi na askari.

Mmoja wao aliitwa Ungan Singh. Alikuwa jemadari, msimamizi wa wafanyakazi, mtu mwenye nguvu. Usiku mmoja wa mwaka 1898, kule Tsavo, simba aliingiza kichwa ndani ya hema alimolala na kumburura nje. J. H. Patterson, mhandisi aliyekuja kuwaua simba hao wawili wa Tsavo, alisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha 1907. Simba wenyewe wamekaa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, tangu miaka ya 1920, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo. Watalii huwapiga picha. Watu wengi duniani wanawajua simba hao wawili. Ni wachache mno wanaolijua jina la yule Singh waliyemla.

Sitaki kulichezea jambo hilo kama kitendawili, kwamba mtu aliyeitwa simba aliliwa na simba. Ninalitaja kwa kuwa Patterson, pamoja na mapungufu yake yote ya kikoloni, aliandika jina la marehemu. Je, sisi tuliyaandika?

Hapa ndipo Kalasinga anapoingia. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza wa Kisikh kuingia bara wakati wa reli alikuwamo mmoja aliyeitwa Kala Singh. Wenyeji wakamzoea. Alipokuja Msikh mwingine mwenye kilemba na ndevu kama zake, naye wakamwita Kala Singh, na wa tatu vilevile. Mwishowe jina la mtu mmoja likawa nomino ya jumla. Tumezoea kuona bidhaa zikipatwa na jambo hili: dawa yoyote ya viatu ni kiwi, na sabuni yoyote ya unga ni omo. Kwa Kala Singh lilimpata binadamu.

Tulitazame neno lenyewe kama wanalugha. Kala ni "mweusi" katika Kipunjabi, lakini kama jina la mtu halikuwa na uzito zaidi ya huo wa kutofautisha. Singh, kwa kuwa Kiswahili hupenda silabi inayoishia kwa irabu, likaongezwa a. Ile gh yenye pumzi, ambayo Kiswahili hakina, ikapoteza pumzi ikabaki g. Angalia pia kwamba tunasema Kalasinga kwa ng ya ngoma, si kwa ng' ya ng'ombe. Hii ni dalili kwamba walioliunda neno hili walilisikia kinywani mwa wenyewe. Hawakulisoma kwenye karatasi kama Mwingereza, ambaye hutamka Singh sawa na neno lake la kuimba.

Kwa jirani zetu Watanzania utasikia singasinga badala ya Kalasinga. Hapo nadhani kuna mkono wa neno jingine. Kiswahili kina singa, yaani nywele ndefu laini zilizonyooka. Tunasema mtu ana nywele za singa. Msikh aliyebatizwa hakati nywele. Mswahili aliyesikia Singh, kisha akaona nywele zile, angeshindwaje kuyaunganisha? Maneno hupenda kuegemea maneno yaliyokuwapo kabla yao.

Na wingi je? Tunasema Makalasinga, wala hatusemi Wakalasinga. Wapo wanaodai kwamba ngeli hii ya ma- inawashusha watu, ikiwaweka pamoja na majitu na majoka. Hoja hiyo haina miguu. Ngeli hiyohiyo ina madaktari, makarani, mabalozi na maaskofu, na hakuna askofu aliyewahi kulalamika. Maneno ya kigeni yanayotaja watu huingia humo kwa wingi. Kwa hiyo tusi, kama lipo, haliko kwenye sarufi.

Basi liko wapi? Liko katika mazoea ya kumwita mtu kwa jina la aina yake wakati yeye mwenyewe ana jina. Kiswahili kina rafu nzima ya majina ya namna hii. Tuna methali ya Baniani mbaya, kiatu chake dawa, ambayo huyo Baniani hatajwi jina hata mara moja. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya 1994, ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kwa jina Peponi, mna mhusika Msikh ambaye karibu kila mtu humwita Kalasinga, ilhali ana jina lake, Harbans Singh. Gurnah hakubuni desturi hiyo. Aliikuta.

Serikali na ofisi nazo zina mchango wao. Fomu za kikoloni zilitaka kila mtu awe na jina la ukoo la Kizungu: baba Smith, mwana Smith, mjukuu Smith. Watu wasiokuwa na mpangilio huo walilazimishwa kuingia ndani yake. Mluo aliyeitwa Otieno kwa kuwa alizaliwa usiku alijikuta amewaachia jina hilo watoto waliozaliwa mchana. Wasikh walipata shida ya kinyume: fomu ikawaona kama ukoo mmoja mkubwa, Singh tupu. Mnamo 2007 ilijulikana kwamba ofisi ya ubalozi wa Kanada mjini New Delhi ilikuwa ikiwaambia waombaji wa uhamiaji kwamba Singh na Kaur hayatoshi kuwa majina ya mwisho, watafute mengine. Wasikh wakapiga kelele na utaratibu huo ukaachwa. Jina lililotolewa 1699 ili watu wawe sawa lilikuwa limegeuka kosa kwa sababu ya huo usawa wenyewe.

Kwetu Kenya, mtu mmoja alilifanya jina hili lisiweze kupuuzwa. Makhan Singh alizaliwa Punjab 1913 na kuja Nairobi 1927 akiwa kijana, kumfuata baba yake, Sudh Singh. Mnamo 1935 alikuwa ameshiriki kuunda chama cha wafanyakazi kilichofungua milango kwa watu wa rangi zote. Mnamo 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanaomba viti zaidi kwenye baraza la kutunga sheria. Mwezi uliofuata akakamatwa. Hakuachiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja baadaye. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo chochote kikubwa. Akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, ikachapishwa 1969, naye akafariki 1973.

Kwa Kipunjabi, makhan ni siagi. Tukitafsiri jina lake neno kwa neno tunapata Siagi Simba, na hapo ndipo unapoona kwamba majina hayatafsiriwi. Hujulikana kwa matendo ya wenyewe. Ukimwita Makhan Singh "yule Kalasinga wa vyama", hujamtukana kisarufi, lakini umeifuta miaka kumi na moja ya kifungo.

Sasa nilipe deni langu.

Marehemu baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha mbao eneo la Elburgon. Alikuwa mwendesha msumeno. Fundi wa mashine hapo alikuwa Msikh mmoja mrefu, mpole, aliyenoa misumeno huku akiimba kwa sauti ya chini. Sisi watoto tulimwita Kalasinga. Baba alimwita Kalasinga. Kiwanda kizima kilimwita hivyo, naye aliitika. Yeye alimwita baba kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo hata pale kijijini lilitumiwa na wazee tu, na kila alipomwona mama alimwulizia watoto mmoja mmoja kwa majina.

Siku moja msumeno ulimkata baba mkononi. Yule fundi ndiye aliyezima mashine, akamfunga mkono na kumkimbiza hadi hospitalini kwa pikapu, njia nzima akimsemesha asije akazimia. Pale hospitalini wakaandika kitabuni mgonjwa kaletwa na nani. Baba akawatajia jina alilolijua. Wakaandika: Kalasinga. Mkono ukapona, ingawa vidole viwili havikunyooka tena.

Mwaka 1978 fundi akafariki. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, kijana wa kidato cha tano anayejiona msomi. Baba akanipa kalamu na karatasi, akaniagiza niandike barua ya rambirambi kwa familia ile kwa Kiingereza kizuri. Nikaandika tarehe. Nikaandika maneno ya kwanza ya pole. Kisha nikainua kichwa nikauliza, "Baba, marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Baba alinyamaza muda mrefu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

Barua haikuandikwa. Tulipanda basi tukaenda wenyewe hadi Nakuru, mahali walipokuwa wakimchomea, tukasimama nyuma. Mwishoni nilimfuata kijana wake nikamwuliza jina kamili la baba yake. Akaniambia. Lilikuwa jina la sehemu mbili na Singh mwishoni. Silitaji hapa kwa kuwa familia yake ingalipo. Nilimnong'onezea baba. Akalitamka mara moja, akakosea. Akalitamka tena. Ndani ya basi, tukirudi, nikamsikia akilitamka peke yake huku akitazama nje ya dirisha.

Wiki ile ilipoisha nilirudi darasani na jibu. Nilimwambia kijana kwamba Kalasinga halikuzaliwa tusi. Lilikuwa jina la mtu halali, na hata Kala Singh mwenyewe nadhani angeshangaa kuona lilivyozaa. Mtu akikuita hivyo barabarani kwa kuwa hakujui, si lazima umkasirikie. Ni neno alilolikuta katika lugha yake. Lakini mtu akikaa nawe mwaka mmoja, miwili, kumi na moja, bado akawa anakuita Kalasinga, hapo lugha haina lawama. Mwenye lawama ni yeye. Mnamo Julai 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua raia wa asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Hilo ni jambo la gazeti rasmi. Kumjua jirani yako anaitwa nani halihitaji gazeti.

Nikamwuliza yeye nyumbani kwao wanalionaje.

"Babu yangu alikuwa na gereji," akasema. "Wateja wote walimwita Kalasinga. Alikuwa anaitika tu. Alisema mteja ni mteja."

"Na wewe?"

Akafikiri kidogo. "Mimi niko na jina, Prof. Liko hapo kwa rejista."

Nikafungua rejista, nikaliita jina lake, majina yote matatu, polepole. Akaitika, "Niko." Tukaendelea na somo.